Hatua Sabini kwa Sabini: Eka Ilikotoka

Ndugu msomaji, ukisafiri kwa basi kutoka Nzega kwenda Mwanza, huna budi kupita Tinde. Hapo ndipo barabara inapogawanyika: tawi moja hushika njia ya Shinyanga na Mwanza, na jingine huelekea Isaka, Kahama na hatimaye mpaka wa Rwanda. Ukibahatika kupita hapo mwezi wa Novemba au Desemba, mara tu baada ya mvua za kwanza, tupa jicho nje ya dirisha. Utaona jozi za maksai shambani, nira shingoni, kijana mmoja mbele akiongoza na mwingine nyuma ameshika plau kwa mikono miwili. Wameanza kazi kabla ya jua kuchomoza. Ikifika saa nne au saa tano asubuhi utawakuta wamekwisha wafungua ng'ombe, kwani jua la Shinyanga halina mzaha na mnyama wa kulimia haswagwi mchana kutwa.

Sasa mwulize mshika plau amelima kiasi gani leo. Atakujibu kwa eka: nusu eka, robo tatu, au pengine eka nzima kama udongo ni wa luseni, yaani wa kichanga, na ng'ombe wameshiba. Ukimwuliza eka ni nini, hatasita. Ni hatua sabini kwa hatua sabini. Jibu hilo utalipata Tinde, utalipata Geita, utalipata Nzega na mahali pengi pengine katika nchi yetu. Wengi wetu tulifundishwa hivyo na baba zetu, nasi hatukuuliza zaidi.

Mimi pia sikuuliza, mpaka nilipolazimika.

Ninaye shangazi anayeishi vijiji vichache kutoka Tinde. Ni mjane. Misimu miwili mfululizo alikodi shamba la eka tatu, akamlipa mwenye maksai kulima eka tatu, akapanda mahindi. Kila msimu alivuna magunia 9. Jirani yake, ambaye naye alikuwa na eka tatu kwenye udongo ule ule na aliyepanda wiki ile ile, alivuna 12. Nyumba za ndugu zikaanza kunong'ona. Wengine walisema mama huyu hapalilii kwa wakati, wengine wakasema amezeeka, na mmoja, ambaye kwa heshima simtaji hata kwa undugu wetu, alipendekeza tuache kumpelekea fedha za kilimo kwa kuwa zinapotea bure. Shangazi mwenyewe hakujibu neno. Alianza kuamini kwamba kosa ni lake.

Nilipokwenda likizo nilichukua futi ya utepe ya fundi mwashi, nikampata mpwa wangu wa kunishikia upande wa pili, tukapima shamba lile. Upana wake ulikuwa mita 56, na urefu mita 168. Chukua kalamu, ndugu msomaji, nasi tuzidishe pamoja: ni mita za mraba 9,408. Eka moja kwa kipimo cha sheria ni mita za mraba 4,047 hivi. Kwa hiyo shamba la shangazi lilikuwa la eka mbili na theluthi moja. Theluthi mbili za eka alizilipia kodi, akazilipia ng'ombe, na kila msimu aliulizwa mavuno yake, ilhali hazikuwapo duniani.

Magunia 9 katika eka mbili na theluthi ni karibu magunia 4 kwa eka. Jirani naye alipata magunia 4 kwa eka. Shangazi alikuwa amelima sawasawa na mwenzake.

KAZI YA ASUBUHI MOJA

Ili tujue eka ilipoteaje shambani mwa mjane, yatupasa kwanza tujue ilitoka wapi. Wengi wanadhani eka ilibuniwa na watu wa ofisini wenye rula. La. Ilizaliwa nyuma ya mkia wa ng'ombe.

Katika Uingereza ya zama za kati, miaka mia saba, mia nane na zaidi iliyopita, mkulima wa kawaida hakuwa na haja ya kujua shamba lake lina futi ngapi. Alichohitaji kujua ni litamchukua siku ngapi kulilima. Kwa hiyo eka ilikuwa ardhi inayoweza kulimwa na timu moja ya maksai kwa siku moja. Kipande hicho hakikuwa mraba kama tunavyokikata sisi. Kilikuwa chembamba na kirefu mno: upana wa yadi 22 tu, na urefu wa yadi 220. Huo urefu wa yadi 220 una jina lake katika Kiingereza, nalo maana yake ni urefu wa mfuo mmoja, yaani umbali ambao maksai waliweza kuuvuta mfuo bila kupumzika. Maili ya Kiingereza ni mifuo minane ya namna hiyo. Hivyo yule anayekuambia kwamba gari lake linakwenda maili kadhaa kwa saa, anahesabu pumzi za ng'ombe bila kujua.

Kwa nini kipande kirefu hivyo? Yeyote aliyewahi kushika plau atakueleza: kazi ngumu ni kugeuza. Ukifika mwisho wa shamba hunyanyua plau, huwazungusha wanyama, minyororo hujikunja, ng'ombe mmoja hukanyaga nje, na kijana wa mbele huanza kupiga kelele. Hebu tuhesabu. Plau inayokata upana wa inchi 9 ikilima eka ya Kiingereza, yenye yadi 22 kwa 220, itakata mifuo 88. Ikilima eka ya mraba kama yetu ya Tinde, itakata mifuo 280 mifupi. Mwendo wa ng'ombe ni ule ule katika mashamba yote mawili, maili 11 hivi, karibu kilomita 18. Lakini kwenye kipande kirefu wanageuka mara 88, na kwenye mraba wanageuka mara 280. Mkulima wa zama za kati hakusoma hesabu hizi shuleni. Alizisoma katika mabega yake.

Nakiri kwamba nilipofika hapa nilicheka peke yangu, nikikumbuka jinsi tulivyokuwa tukigombezwa tulipokuwa vijana kwa kuchelewa kugeuza ng'ombe. Laiti tungalilima vipande virefu!

Mwishoni mwa karne ya 13 au mwanzoni mwa karne ya 14, katika zama za Mfalme Edward wa Kwanza, eka ilitiwa katika sheria: fimbo 40 kwa urefu na fimbo 4 kwa upana, kila fimbo ikiwa yadi tano na nusu. Tangu hapo eka haikumtegemea tena ng'ombe wa mtu fulani. Udongo ukiwa mgumu au laini, siku ikiwa ndefu au fupi, eka ni yadi za mraba 4,840. Mwaka 1620 Mwingereza Edmund Gunter akatengeneza mnyororo wa kupimia wenye pingili 100, urefu wake yadi 22, sawasawa na upana wa eka ile ya kale. Wapima ardhi waliuchukua mnyororo huo wakaenda nao katika makoloni yote. Mnyororo ulikuwa wa chuma, lakini kipimo kilikuwa cha plau.

Juu ya eka palikuwa na vipimo vikubwa zaidi, navyo vyote vilihesabiwa kwa ng'ombe. Ardhi ya plau moja, yaani ile iliyoweza kulimwa kwa mwaka mzima na plau yenye maksai wanane, ilichukuliwa kuwa kama eka 120. Ukiigawa kwa wanane, unapata fungu la ng'ombe mmoja, kama eka 15. Mkulima mdogo mwenye ng'ombe wawili alishika mafungu mawili, eka 30. Hakuweza kulima peke yake, kwani ng'ombe wawili hawakutosha plau ile nzito, hivyo alishirikiana na majirani watatu wenye wawili wawili. Nasema “kama” kwa makusudi. Penye udongo mzito fungu la ng'ombe lilikuwa dogo, penye udongo mwepesi lilikuwa kubwa, na hakuna aliyeona ajabu. Nchi ya Mfalme William ilipoandikwa kwa amri yake kwa ajili ya kodi mwaka 1086, makarani walizunguka vijijini wakiandika kila mahali: hapa kuna ardhi ya plau ngapi, na plau zilizopo ni ngapi. Palipokuwa na ardhi ya plau sita na plau nne tu, karani alijua pana upungufu, na bila shaka mtoza kodi alijua pia.

Wala usidhani hili ni jambo la Waingereza peke yao. Warumi walikuwa na kipimo cha shamba ambacho jina lake latokana na nira, futi 240 za Kirumi kwa 120, karibu robo ya hekta, nao walisema ndicho jozi moja ya ng'ombe hulima kwa siku. Wajerumani walikuwa na kipimo kiitwacho Morgen, maana yake asubuhi, kwani kwao pia ng'ombe walifanya kazi asubuhi. Misri hadi leo mashamba hupimwa kwa fedani, mita za mraba 4,200, na neno hilo katika Kiarabu asili yake ni jozi ya ng'ombe waliofungwa nira. Na jirani zetu wa Ethiopia, ambao wamelima kwa ng'ombe tangu zamani za kale, wanacho kipimo kiitwacho timad. Ni eneo la kazi ya siku moja ya jozi moja, nalo huhesabiwa kuwa karibu robo ya hekta. Tazama ajabu hiyo: robo ya hekta Roma, robo ya hekta Ethiopia. Hawakuandikiana barua. Ng'ombe wawili ni ng'ombe wawili.

NGWE, MINYAA NA PLAU

Nasi je? Kabla ya plau tulipima kwa nini?

Waswahili wa pwani walikuwa na ngwe. Ngwe ni kamba, na ni kipande cha shamba kilichopimwa kwa kamba hiyo na kukabidhiwa mtu mmoja akilime kwa jembe la mkono. Katika mashamba makubwa ya Unguja na pwani ya bara, enzi za utumwa, ngwe ilikuwa kipimo cha kazi ya mtumwa, na si kila aliyepewa ngwe aliipenda. Leo unalisikia neno hilo redioni: ngwe ya pili ya ligi, ngwe ya mwisho ya uongozi. Mtangazaji hafikirii jembe, lakini jembe limo ndani ya neno.

Usukumani ardhi ilikuwa nyingi kuliko mikono. Mwanangwa wa kijiji alimwonyesha mgeni mahali pa kujenga na kulima, na mpaka ulikuwa njia ya ng'ombe, kichuguu, mti mkubwa au ua wa minyaa. Watu walijua zaidi aina ya udongo kuliko ukubwa wa shamba: luseni kwa viazi na karanga, mbuga nyeusi kwa mazao yanayostahimili maji na, siku hizi, majaruba ya mpunga. Jembe lenyewe lilikuwa mali. Majembe yaliyofuliwa na wahunzi Warongo, upande wa Geita na Uzinza, yalisafiri hadi kote Usukumani, na yalikubalika hata katika mahari. Kazi kubwa zilifanywa kwa kualikana, vijana wakilima kwa mstari na ngoma nyuma yao. Mwenye shamba alihesabu watu wa kuwalisha. Eka hakuihesabu.

Plau za ng'ombe zilianza kuenea Usukumani katika miaka ya 1930, zikaongezeka mno baada ya Vita Kuu ya Pili, pamba ilipoleta fedha. Eka ilikuja katika zama hizo hizo za utawala wa Waingereza, kwani bwana shamba aliandika kwa eka, na mbegu za pamba ziligawiwa kwa eka. Hivyo kipimo kilichozaliwa nyuma ya ng'ombe huko Ulaya kilikuja kwetu pamoja na plau, lakini bila hadithi yake. Tukakipokea kama namba.

Wakati wa Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 eka ikawa neno la kila nyumba. Kaya ilipewa kiwanja cha kujenga kilichohesabiwa kwa eka. Sheria ndogo mahali pengi zilidai kila kaya ilime eka kadhaa za chakula na za biashara. Na katika mashamba ya bega kwa bega kila mtu alikatiwa kipande chake kando ya cha mwenziwe. Vipande vile vilivyopangwa sambamba katika uwanja mmoja vingemfanya mkulima wa Kiingereza wa karne ya 13 ajione yuko kwao. Lakini nani alikuwa na mnyororo wa kupimia? Kijiji kilikuwa na miguu. Ndipo hatua sabini kwa sabini zikashika mizizi.

SABINI ZA NANI?

Kanuni yenyewe si mbaya hata kidogo. Yadi 70 kwa yadi 70 ni yadi za mraba 4,900, na eka ya sheria ni 4,840. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba hakuna mkulima atakayeiona. Aliyebuni kanuni hii alikuwa mwerevu. Lakini alidai jambo moja: kila hatua iwe yadi moja, yaani sentimita 91. Hiyo ni hatua ya askari mrefu anayeonekana na mkubwa wake. Si hatua ya mzee, wala ya mtu anayetembea juu ya mabonge ya udongo.

Mwenye hatua ya sentimita 80 akihesabu sabini kwa sabini amepima mita 56 kwa 56, ambazo ni mita za mraba 3,136. Hiyo ni robo tatu ya eka na kidogo juu. Mwenye hatua ya sentimita 75 amepima theluthi mbili tu. Wapo pia wanaosema eka ni mita sabini kwa sabini. Nao wamekosea kwa upande wa pili, kwa kuwa hizo ni mita za mraba 4,900, zaidi ya eka kwa karibu 850. Upande wa mraba wa eka ya kweli ni mita 64 hivi. Ishike namba hiyo, ndugu msomaji: 64.

Madhara hayaishii kwenye kodi. Mfuko wa mbegu, mbolea na dawa ya pamba vyote huandikwa kiasi cha kutumia kwa eka au kwa hekta, na aliyeandika alifikiri eka ya sheria. Ukimwaga dawa ya eka moja juu ya robo tatu ya eka, umepoteza fedha na umeuzidishia udongo sumu. Nawe mfanyakazi wa mjini, wa Mwadui au wa migodi ya Geita, unayetuma fedha nyumbani ununuliwe eka tano za uzeeni, fahamu kwamba muuzaji hupiga hatua za bibi harusi, na mnunuzi hupiga hatua za mtu anayekimbia mvua. Mahali penye kipimo cha miguu kila mmoja anaweza kuapa kwa dhati ya moyo wake na bado wakatofautiana kwa eka nzima.

Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mwanakijiji anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba lake. Inapoandikwa, mipaka huoneshwa kwa vipimo na si kwa hatua. Siku hizi hata simu za mkononi zinaweza kukadiria ukubwa wa shamba ukilizunguka nayo, ingawa kwa kipande kidogo mimi naamini zaidi kamba. Nimeona watu wengi wakishtuka siku ya kupimiwa. Eka kumi za babu zikatoka saba. Ugomvi ukaanza, jirani akashutumiwa kwamba amesogeza mpaka, kumbe ua wa minyaa upo pale pale ulipopandwa na aliyepungua ni babu mwenye miguu mifupi.

Nirudi kwa shangazi. Mwenye shamba lile ndiye pia mwenye maksai, mzee wa makamo ya baba yangu, mfupi wa kimo. Nilikwenda kwake asubuhi nikiwa na hasira ya mjini. Nilimsalimu kama ipasavyo, akanikaribisha kiti, na kabla sijamaliza maneno yangu akainuka, akasema twende tukahesabu. Alipiga hatua mbele ya macho yetu, bila kupunja: sabini kwa upana, mia mbili na kumi kwa urefu. Eka tatu kamili. Tukamwomba apige hatua kumi kando ya ule utepe. Zilitoka mita 8.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba miaka yote amekuwa akishangaa kwa nini ng'ombe wake humaliza eka upesi kuliko ng'ombe wa wenzake, naye alidhani ni malisho.

Hakukuwa na mwizi pale, nami hasira yangu haikupata pa kukaa. Tulikata kamba ya katani, tukaipima mita 64, tukatia fundo katikati na fundo kila mwisho. Nawe waweza kufanya hivyo kwa gharama ndogo sana. Kama huna kamba, pima hatua zako kumi za kawaida kwa utepe, kisha ugawe 64 kwa urefu wa hatua yako moja. Mwenye hatua ya sentimita 75 atahesabu 85. Mwenye sentimita 90 atahesabu 71. Na kila mmoja atapata upande wa eka ile ile.

Msimu uliofuata mzee alimwongezea shangazi kipande kilichopungua, bila kodi, akakilima kwa ng'ombe wake mwenyewe kufidia yale ya nyuma. Ndugu waliokuwa wakinong'ona walipelekewa hesabu kwa maandishi. Kamba hutundikwa ukutani kwa shangazi, na mvua zinapokaribia majirani huja kuiazima. Mzee haiazimi. Amekwisha jua kwamba kwa miguu yake eka ni themanini kwa themanini, na ukipita shambani kwake alfajiri utamsikia akihesabu kwa sauti, akipita sabini bila kusimama.